Upweke wa Msanii: Usaliti?

Darasani tumezoea kumhukumu msanii anayejitenga: eti kaisaliti jamii. Mimi nina wasiwasi na hukumu hiyo. Kipupwe kilichopita nilikaa Lushoto. Ukungu ukishuka kutoka Magamba kila mtu anabaki na moto wake, na kazi yenyewe ni kukumbuka. Ndipo nikamwelewa mchoraji Sam Ntiro (1923–1993), mzaliwa wa Machame. Alisoma Makerere, kisha Slade, London, mbali na migomba ya kwao. Lakini mwaka 1956 alichora nini? Wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku! Mchoro huo uko Museum of Modern Art, New York. Basi, wahakiki wenzangu, tumpime msanii kwa kile anachorudi nacho.