Tendo la Kutoondoka

Ni desturi ya jukwaa kumtanguliza mhusika machoni petu, kisha ndipo tumsikie. small metal objects, kazi ya mwaka 2005 ya Back to Back Theatre, kundi la Geelong nchini Australia ambalo tangu 1987 hubuni michezo yake pamoja na waigizaji wenye ulemavu wa akili, imeipindua desturi hiyo. Ilipoonyeshwa katika stesheni ya Flinders Street jijini Melbourne, hadhira iliketi kwenye viti vya ngazi, kila mtazamaji amevaa spika za masikioni, mbele ya abiria halisi. Sauti za marafiki wawili zinasikika zikizungumza taratibu, karibu mno, kana kwamba wako begani mwa msikilizaji. Lakini macho yanapowatafuta hayakuti ila umati unaopita.

Utafutaji huo ndio ufundi mkuu wa kazi hii. Jicho linatua kwa kila mpita njia, linamkadiria, linamwacha, mpaka polepole marafiki hao, Gary na Steve, wanajitenga na umati, nasi tunang'amua kwamba huenda tulishawapita zaidi ya mara moja. Kupuuza, ambako mwandishi mwingine angekusimulia katika mazungumzo marefu, hapa tunakutenda sisi wenyewe, kabla mgogoro haujaanza.

Mgogoro wenyewe ni mwembamba kwa makusudi. Alan, mtu wa biashara mwenye haraka, anataka kununua dawa za kulevya. Gary yuko tayari kumpatia, ila Steve hataki kuondoka pale aliposimama, na Gary hatamwacha rafiki yake. Basi. Alan anaongeza fedha. Anamwita Carolyn, mwanasaikolojia, naye anajaribu lugha ya tiba, kisha mwili wake. (Wawili hawa, nakiri, wamechorwa kwa mistari minene kuliko marafiki wale.) Msuko wote unasimama juu ya mtu asiyesogea, na kusimama huko naomba nikuite tendo-tuli: tendo linaloonekana kwa sababu tu mazingira yake yanakwenda. Katika ukumbi, mtu aliyesimama kimya angekuwa pengo. Katika stesheni, ambako kila mguu una safari, anakuwa nguzo inayougawanya umati. Abiria wanakuwa waitikiaji wasiojua kwamba wamo katika wimbo, na wanapogeuka kuishangaa safu ya watu waliovaa spika, mtazamaji naye anatazamwa.

Simon Laherty, kama Steve, anaubeba utulivu huo bila kuupamba. Sonia Teuben, mwanamke aliyemwigiza Gary, anaujibu kwa uaminifu usiotafuta sifa. Hapa mpangilio wa sauti unafanya kazi ambayo macho hayaiwezi. Kwa jicho, wahusika wanaweza kuwa mbali, wadogo, nusu wamefunikwa na mabega ya watu; kwa sikio, umbali haubadiliki kamwe. Ndiyo maana anaponyamaza Steve, kimya chake nacho kinafika karibu vilevile, katikati ya muziki wa Hugh Covill, huku Alan akiwa bado anahesabu dakika.