Rege na Njia ya Kurudi Nyumbani

Wapenzi wa rege ninaowafahamu, kuanzia mabwenini hadi stendi ya Korogwe, wana ndoto moja: kufika Jamaika. Wanataka kuliona kaburi la Bob Marley kule Nine Mile na kukanyaga vichochoro vya Trench Town. Mimi nami ni mpenzi wa muziki huu, na nauli nikipewa siikatai. Lakini hebu tuzitazame nyimbo zenyewe kwa jicho la uhakiki. Zinamwelekeza msikilizaji wapi? Haziimbi safari ya kwenda Kingston, zinaimba safari ya kuondoka huko kuja Afrika. Kwa hiyo msafiri wetu wa Korogwe anapishana njiani na wimbo anaoupenda!

Dhamira kuu ya rege ya miaka ya 1970 ni kurejea. Albamu ya Exodus ya mwaka 1977 imeazima jina la kitabu cha Kutoka katika Biblia. Jamaika ni Babeli, Afrika ni Sayuni. Kifani taswira hii ina nguvu kwa kuwa ni pana, kila mwenye kuonewa anaingia. Udhaifu wake nauona hapo hapo: Sayuni hiyo haina jembe, haina mpaka wa shamba, wala ofisi ya uhamiaji.

Sasa tutoke Korogwe twende kwa jirani, Handeni. Katika miaka ya 1830 njaa iliwatia Wazigua wengi mikononi mwa wafanyabiashara ya utumwa, wakavushwa hadi pwani ya Somalia. Waliotoroka walijikusanya kando ya mto Juba. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mwaguzi, Wanankhucha, aliyewaongoza wakiwa na nia ya kurudi kwao. Hawakufika, wakalowea huko Juba, ila Kizigua hawakukiacha. Vita ya Somalia ilipopamba moto mwaka 1991, baadhi ya vitukuu vyao walikimbilia Tanga. Wakawekwa kambi ya Mkuyu, Handeni, mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wilaya hiyo hiyo, na mwaka 2009 baadhi yao wakapokea uraia.

Jamani, huko si ndiko Kutoka kwenyewe? Tena kiongozi ni mwanamke, wakati katika rege mwanamke zaidi hupendwa au hubembelezwa. Na yamo yale ambayo wimbo huyaruka: Kizigua kilichochanganyika na Kisomali, shamba la kugawiwa, na jina la mkimbizi kubandikwa mtu aliyekuja kwa mababu zake.

Marehemu Justin Kalikawe, aliyefariki mwaka 2003, alithibitisha kuwa rege inakaa vizuri katika Kiswahili. Kazi za Jah Kimbute nazo ni ushahidi. Sasa mbona watunzi wetu wengi bado wanaazima Sayuni ya Wajamaika, neno kwa neno, na dredi juu? Sijapata kusikia rege inayomtaja Wanankhucha. Kama ipo, anayeijua aniletee niisikilize.