Alifunga ribaundi 11? Kasoro za Kiswahili cha takwimu za mpira wa vikapu

Mojawapo ya sentensi zilizozoeleka katika taarifa zetu za michezo huwa na umbo hili: “LeBron James alifunga alama 27, ribaundi 11 na asisti 11.” Msikilizaji huipokea bila kutatizika kwa sababu tarakimu zenyewe ni sahihi. Kiswahili chake ndicho chenye walakini. Kitenzi ni kimoja, shamirisho ni tatu. Alama hufungwa, hilo halina ubishi. Je, ribaundi hufungwa vipi? Na asisti nayo?

Chanzo cha kasoro hii ni jedwali la takwimu. Jedwali huyapanga matendo ya mchezaji kama bidhaa kwenye rafu: alama hapa, ribaundi pale, asisti kule. Mwandishi naye hulinakili kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akatafuta kitenzi kimoja cha kuyabeba yote. Kwa kuwa wengi wetu tumelelewa na soka, kitenzi kinachotujia haraka ni “kufunga.”

Hebu tuichunguze mechi moja ambayo takwimu zake zinajulikana vyema. Mnamo Juni 19, 2016, mjini Oakland, Marekani, timu ya Cleveland Cavaliers iliilaza Golden State Warriors 93-89 katika mechi ya saba ya fainali za NBA. Cleveland walikuwa nyuma kwa mechi 3-1, na hakuna timu nyingine iliyokuwa imewahi kutoka nyuma hivyo ikatwaa ubingwa katika fainali hizo. James alipata alama 27, ribaundi 11 na asisti 11. Tazama kitenzi “kupata” kinavyoyabeba matatu hayo bila kuchechemea. Anayetaka ufasaha zaidi atakipa kila tendo kitenzi chake: alifunga alama 27, akadaka ribaundi 11 na kutoa asisti 11.

Kasoro ya pili ni nzito kuliko hiyo kwa kuwa inapotosha ukweli. Utawasikia watangazaji wakisema mchezaji fulani “alifunga vikapu 27” ilhali wanakusudia alama 27. Katika soka, bao ni tendo na pia ni hesabu: bao moja ni bao moja. Katika mpira wa vikapu, kikapu ni tendo ilhali alama ni thamani ya tendo hilo. Kuna kikapu cha alama mbili na kuna cha alama tatu. Isitoshe, kuna mitupo huru, ile ambayo mchezaji hupewa baada ya kuchezewa visivyo, na kila mmoja una thamani ya alama moja. Siku hiyo James alifunga vikapu 9 tu katika mchezo wa kawaida, kimoja kikiwa cha alama tatu, akaongeza mitupo huru 8. Jumla ni alama 27. Anayesema “vikapu 27” amemzidishia vikapu mara tatu.

Huenda msomaji akaona kwamba huku ni kuchambua vidogo mno. La hasha! Cleveland walifunga vikapu 33, Golden State 32. Ila 15 kati ya vile vya Golden State vilikuwa vya alama tatu, dhidi ya 6 pekee vya Cleveland. Kwa vikapu vya mchezo wa kawaida, basi, Golden State walikuwa mbele kwa alama 79-72! Cleveland waliokolewa na mitupo huru: wao walifunga 21, wapinzani wao 10. Asiyetofautisha kikapu, alama na mtupo huru hawezi kamwe kumweleza msomaji ni kwa nini Cleveland walishinda. Neno likikosewa, habari yenyewe hupotea.

Kasoro ya tatu inahusu kitenzi “kulenga.” Sentensi kama “Stephen Curry alilenga mitupo minne ya alama tatu” ina utata. Kulenga ni kuelekeza kitu kwenye shabaha. Kuipata shabaha ni jambo jingine. Curry alilenga mara 14, akafunga mara 4. Wapo wanaoandika “asilimia 28.6” wakaishia hapo. Kiswahili kina kifungu chepesi kinachobeba maana nzima: mitupo 4 kati ya 14. Kwa maneno “kati ya,” msomaji huiona mitupo 10 iliyopotea, naye huelewa usiku wa Curry ulikuwaje.

Kuhusu maneno ya mkopo, sioni haja ya kuyapiga vita “ribaundi” na “asisti.” Yamekwisha kukubali sauti na ngeli zetu: ribaundi hii, ribaundi hizi. Tatizo si neno kukopwa. Tatizo ni neno lililokopwa kuachwa bila kitenzi cha kulitembeza.

Hata hivyo, jedwali lina upungufu ambao ni lugha pekee inayoweza kuuziba. Zikiwa zimesalia dakika 1 na sekunde 50, timu zikiwa sare 89-89, Andre Iguodala wa Golden State aliruka kufunga kikapu cha wazi. James alitoka nyuma mbio, akaruka, akauzima mtupo ule kwenye ubao. Baadaye, zikisalia sekunde 53, Kyrie Irving akafunga kikapu cha alama tatu mbele ya Curry. Jedwali linasema James alizima mitupo 3. Halisemi ni upi uliokuwa na uzito kuliko mingine. Kila tendo humo ni tarakimu moja, liwe la robo ya kwanza au la dakika ya mwisho.

Sasa sikiliza sarufi yetu: “Asingeuzima mtupo ule, Golden State wangeongoza 91-89.” Jedwali halina “-nge-.” Halina hata “-ka-” ya kusimulia tendo linalofuata jingine. Viambishi hivyo viwili ndivyo vinavyoigeuza hesabu kuwa mechi. Mwandishi anayenakili tarakimu na kuviacha viambishi hivyo ametuletea risiti, hajatuletea habari.

Mfano mwingine ni Kevin Love wa Cleveland. Kwa alama alikuwa wa kawaida tu: 9. Draymond Green wa Golden State alifunga 32, na bado akashindwa. Lakini jedwali lina safu inayoonyesha tofauti ya alama kati ya timu mbili mchezaji akiwa uwanjani, na kwenye jina la Love paliandikwa +19. Watangazaji wetu wengi huiruka safu hiyo, pengine kwa kudhani haina Kiswahili. Inacho: “Love alipokuwa uwanjani, Cleveland waliwazidi wapinzani kwa alama 19, alipoketi, wakazidiwa kwa 15.” Ukitoa 15 kwenye 19 unabaki na 4, pengo lile lile la 93-89.

Suala hili si la Marekani pekee. Mnamo 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza katika Ligi ya Mpira wa Vikapu Afrika, BAL. Wanavikapu wetu sasa wana majedwali yao, na watoto watakaowaiga watayasoma kwa Kiswahili chetu. Mchezaji anayedaka ribaundi usiku kucha bila kufunga anastahili kitenzi chake. Tukiendelea kusema kwamba kila kitu “kilifungwa,” tutawafundisha kwamba mfungaji pekee ndiye aliyecheza.