Sikio la Fundi wa Mji Mpya

Fundi aliweka ncha ya bisibisi juu ya kompresa, akaegemeza mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Barabarani bodaboda zilikuwa zinapishana, jirani kafungulia redio kwa sauti ya juu. Mimi nilisikia mngurumo tu. Yeye akanyanyuka, akazima mtambo, akasema, "Veni inagonga. Haijafa, mwanangu. Ina kiu."

Hiyo ni Mji Mpya, Morogoro, chini ya banda la mabati lisilo na kibao. Aliyeishi mji huu anajua adha yake ya mwezi wa kwanza: unakiona kilele cha Lupanga kimejifunika wingu, baridi iko pale juu mbele ya macho yako, nawe huku bondeni shati limekugandia mgongoni. Gesti za Msamvu haziendeshwi bila viyoyozi. Na ndani ya viyoyozi vingi vya ukutani imo kompresa ya rotari, ile iliyosimama kama mtungi mdogo na kikopo kimebebwa ubavuni kama mtoto.

Ndani ya mtungi huo rola inabingirika kwenye silinda, na mpakani imesimama veni: kibapa cha chuma kisichofika hata nusu ya kiberiti. Upande huu gesi inaingia, upande ule gesi inabanwa, na kinachozitenga ni kibapa hicho peke yake. Rola ikija kinazama ndani ya ufa wake, rola ikipita kinatoka kuifuata, wala hakitakiwi kuachana nayo hata kidogo. Kwa umeme wetu mota inazunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: kwa saa moja tu veni imekwenda na kurudi karibu mara 170,000, na mwenye chumba amelala fofofo.

Nyuma yake kuna springi ndogo. Nilidhani hiyo ndiyo inayofanya kazi yote, fundi akanisahihisha. "Springi ni ya kuiamsha tu," alisema. Mtambo ukishachanganya, ganda zima linajaa gesi yenye presha, na presha hiyo ndiyo inayoisukuma veni kutoka mgongoni na kuishikiza kwenye rola. Kwa hiyo alikuwa mkali sana kwa mtu anayezima na kuwasha papo hapo, au anayeacha kiyoyozi kimewashwa umeme unapokatika na kurudi. Ziache presha zisawazike kwanza, dakika tatu hivi. Ukiilazimisha, mota inajikaza, inashindwa kuzunguka, inaungua. Dakika tatu! Watu walimwona ana maringo.

Kati ya veni na ufa wake kuna nafasi nyembamba kuliko unywele, na nafasi hiyo ni mali ya oili. Kile kikopo cha ubavuni kipo ili gesi iliyorudi ikiwa bado majimaji isiingie moja kwa moja kwenye silinda. Ikiingia, inaosha oili, na veni inabaki chuma kwa chuma: mara inakwama ndani ya ufa, mara inarukaruka juu ya rola. Ule mruko ndio aliokuwa akiusikia kwa bisibisi.

Veni si kitu kipya: Mtaliano Agostino Ramelli alichora pampu ya vibapa vinavyozungushwa katika kitabu chake cha mwaka 1588. Wazo ni la zamani kuliko umeme, kuliko reli iliyoifikia Morogoro, kuliko friji yenyewe.

Lakini ninachokikumbuka kuliko yote ni kopo la Africafe. Lilikaa juu ya rafu, karibu na mtungi wa gesi ya kuchomelea, na ndani yake mlikuwa na veni kuukuu alizozitoa kwenye kompresa alizopasua kwa msumeno wa chuma, polepole, kufuata mshono, kwa kuwa ganda hilo kiwandani hulifunga kwa kulichomelea lisifunguliwe tena. Siku moja alizimwaga juu ya kitambaa, akanipa moja moja. Ya kwanza ncha yake ya duara ilikuwa imelika upande mmoja, ikang'aa kama sarafu. Hiyo ufa wake ulipinda. Ya pili ilikuwa na mikwaruzo ya wima, myembamba, kama chanjo: chembe za uchafu zilizoachwa na mtu aliyekata bomba bila kulisafisha. Ya tatu ilikuwa ya bluu kwa joto. Aliishika hiyo muda mrefu. "Huyu alikimbizwa bila oili," akasema, kama anayemtaja marehemu. Kisha akanipa nzima, laini, niipitishe ukucha. Ukucha haukukwama popote.

Gesi nazo zilibadilika. R-22, ile ya zamani, ina klorini, na klorini hiyo, pamoja na ubaya wake kwa tabaka la ozoni, ilikuwa ikiacha utando juu ya chuma unaoilinda ncha ya veni. Dunia ikakubaliana Montreal mwaka 1987 kuanza kuzibana gesi zinazoharibu tabaka hilo, baadaye R-22 nayo ikaingizwa, na Kigali mwaka 2016 ikazigeukia zilizochukua nafasi yake. Ni haki. R-410A, iliyoifuata R-22, haina klorini, na oili inayokwenda nayo inafyonza unyevu wa hewa kama chumvi wakati wa masika. Fundi hakulalamika. Alijifunza kufunika kopo la oili mara tu anapomimina, na kuvuta hewa yote kwenye mabomba kwa pampu, hata kama mteja amesimama mlangoni anatazama saa.

Mwaka jana kiyoyozi changu kilianza kugonga. Kijana aliyekuja hakufungua hata kava. Aliachia gesi ikapotea hewani kwa mluzi, akajaza nyingine, na siku ya nne mtambo ulipozima akaniambia kompresa imekufa, nunua mpya. Nilimuuliza imekufa kwa nini. Alinishangaa, akakaa kimya.

Nikaenda Mji Mpya. Banda sasa linachaji simu. Walinieleza mzee amerudi kwao Mgeta, kwenye viazi na kabichi, ambako usiku mtu anatafuta blanketi. Kuhusu kopo hawakujua lolote. Nje, mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa akipima kompresa kwa kilo, nyingi, zimerundikwa kama maboga, kila moja na kikopo chake bado ubavuni. Nilizizunguka zote. Mshono wa hata moja haukuwa umeguswa na msumeno.