Mbuzi wa Kaldi Wangepitia Kiritiri

Stori ya Kaldi unaijua. Ingia mkahawa wowote wa Nairobi wenye bei ya kutisha, kuna uwezekano utaikuta ukutani. Mchungaji wa Ethiopia anaona mbuzi wake wamekula matunda mekundu, wanarukaruka, hawalali. Anaonja, naye anacheza. Anampelekea mtawa. Mtawa anasema hii ni kazi ya shetani, anayatupa motoni. Harufu inapanda, moyo wake unalainika, watawa wanakunywa na kukesha wakisali. Mwisho.

Nimeipenda tangu niisikie, kwa sababu mimi ni wa Kiritiri. Kahawa ya Embu iko kule juu, Manyatta na Runyenjes, kwenye mvua. Sisi huku chini Mbeere tuna jua, ndengu, muguka na mbuzi. Aliyetunga hadithi hii alimjua mbuzi: huonja kila kitu kabla ya mwenyewe, na hakuombi ruhusa. Hapo nampa maksi zote.

Shida ni kwamba tunaisoma kama historia. Iliandikwa kwa mara ya kwanza Roma, mwaka 1671, na Antoine Faustus Nairon, wakati Yemen walikuwa wameinywa kahawa kwa zaidi ya miaka 200. Hata jina Kaldi liliongezwa baadaye. Hii ni hadithi ya wanywaji wakijieleza kikombe kilitoka wapi, na wanywaji hupenda mwisho mtamu.

Tazama yule mtawa. Anabadilisha msimamo kwa sentensi moja, ati kwa sababu ya harufu. Mambo hayakuwa rahisi hivyo. Mwaka 1511, mjini Makka, ofisa aitwaye Khair Beg aliipiga kahawa marufuku, mpaka sultani wa Cairo alipolegeza amri. Mtu wa Kiritiri hashangai. Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka wetu, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi. Sisemi muguka ni kahawa. Nina marafiki waliotafuna hadi usingizi ukawatoroka, na kazi pia. Lakini swali ni lile lile: nani ana mamlaka ya kusema tunda hili ni la shetani, na karo ya watoto wa mkulima itatoka wapi akishasema? Hadithi inalifikia swali hilo, kisha inalikwepa.

Tena inaishia mapema. Kaldi akishatoa matunda, hatumwoni tena. Ethiopia ni jirani yetu, lakini kahawa haikupitia Moyale kuja kwetu. Ilivuka bahari hadi Yemen. Kutoka Yemen Wafaransa waliipeleka kisiwa cha Bourbon, Réunion ya leo, mwaka 1715, kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa, wengine wakiwa wametolewa huku Afrika Mashariki. Miaka ya 1890 wamisionari Wafaransa wakaileta Kenya kutoka kisiwa hicho. Halafu walowezi wakaishika. Waafrika wa Embu, Meru na Kisii waliruhusiwa kuipanda miaka ya 1930, tena kwa majaribio tu. Kabla ya hapo, Kaldi wa Embu angeweza kuchuma kahawa ya mzungu, lakini si kuwa na mti wake.

Kama unataka historia, mimi naona lugha yetu inaitunza kuliko ule ukuta. Waethiopia husema buna, Waarabu bunn, Kiswahili buni, na mti wake ni mbuni. Sasa nenda kiwandani uulize mbuni ni nini. Utaambiwa ni kahawa iliyokaushwa na maganda yake bila kuoshwa, ile ya bei ya chini. Yaani neno lililobaki karibu zaidi na Ethiopia ndilo tulilolipa daraja la mwisho. Hakuna aliyekaa chini kulipangia hilo, na bado linauma.

Sitaki hadithi ya Kaldi ifutwe. Inachekesha, na mbuzi wake ni wa kweli. Nataka mwandishi wa rika letu aianzie pale mtawa anapomaliza kikombe cha kwanza. Kaldi bado amesimama mlangoni na mbuzi wake. Amuulize alilipwa ngapi.