Ubeti wa Muuza Mkaa

Alikuwa mtoto wa darasa la sita. Kajipaka masizi mashavuni, kajifunga gunia kiunoni, anasukuma baiskeli isiyo na mnyororo. Akaiegemeza kwenye mwembe, akajifuta jasho asilokuwa nalo, akasema: "Mkaa nikiuacha, watoto watakulani?" Wazazi wakacheka, kisha wakanyamaza. Wengi wao mkaa ndio uliowalisha.

Ilikuwa ngonjera ya tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira, katika shule moja ya msingi mkoani Pwani, miaka kadhaa iliyopita. Nilikaa meza ya wageni, mahali ambapo kwa kawaida hujiandaa kusinzia. Naomba radhi, lakini nani hajasinzia kwenye ngonjera? Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo, alipoieneza baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa silaha kali: watu wawili wanavutana kwa ubeti, mmoja anajua, mwingine hajui au hataki kujua, mpaka waafikiane. Yeye alifariki 1969. Shule ziliishika ngonjera hadi leo, ila nyingi zimesahau kwamba mvutano unahitaji watu wawili wenye nguvu. Mkata miti wa ngonjera nyingi ni mjinga tu. Anaingia na panga, anajisifu kuharibu msitu, anashindwa kabla hatujakaa vizuri vitini.

Muuza mkaa wa siku ile hakuwa mjinga, na sababu yake niliiona kwenye mazoezi, siku mbili kabla. Mwalimu alikuwa amewatuma wanafunzi wakawaulize wachoma mkaa wa kijijini kwao wangejibu nini wakiambiwa waache. Walirudi na majibu mazito. Mahindi yanangoja miezi, gunia la mkaa linauzwa leo. Mvua ikikosekana shamba halilipi, tanuri linalipa. Na mmoja, nadhani baba wa mtoto aliyecheza muuza mkaa, aliuliza: daftari unaloandikia limetoka wapi?

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina katikati na mwisho. Mtoto aliandika "watoto watakula nini", darasa zima likahesabu kwa vidole, likakuta tisa. Mwalimu akapendekeza "watala nini", kama washairi wa zamani. Mtoto akakataa: nyumbani kwao hakuna anayesema hivyo. Wakabishana karibu nusu saa, mpaka binti mmoja wa nyuma akasema "watakulani". Nane. Wakapiga makofi kama waliofunga bao.

Binti huyohuyo ndiye aliyecheza mkulima, na jibu lake lilikuwa hili: "Mvua zikishakukacha, utavuna shamba gani?" Kukacha ni neno la kijiweni. Mwalimu aliinua kalamu alifute, akahesabu, akaishusha.

Pembeni ya uwanja palikuwa na maonyesho: chupa za maji zilizokatwa zikawa vyungu vya maua, kapu la vifuniko, ua la mirija. Vilipendeza, nikavisifu. Lakini ubunifu wa aina hiyo hauwaulizi watoto swali gumu. Chupa hubaki chupa, na likizo ikifika hurudi jalalani. Mtoto aliyekaa siku kadhaa akitafuta maneno ya mtu asiyekubaliana naye, tena maneno yanayokaa katika mizani nane, amemwelewa mtu huyo kuliko semina nyingi zilivyowahi kumwelewa. (Pilau yetu wageni, wakati huo, ilikuwa ikichemka kwa kuni nyuma ya ofisi. Marufuku ya kuni na mkaa kwa taasisi kubwa ilikuwa bado haijaja; ilikuja 2024.)

Mwishoni muuza mkaa hakuafiki moja kwa moja. Alisema ataacha miti michanga, mingine atafikiria, akaondoka na baiskeli yake. Mgeni rasmi alinong'ona kwamba ngonjera haijaisha. Mimi niliona imeisha vizuri kuliko zote nilizowahi kusikia.

Basi walimu wetu, Juni ikikaribia na mkianza kugawa nafasi, yule mtoto mwenye ulimi mkali kuliko wote msimpe mti. Mpeni gunia na baiskeli.