Mtoto Aliyetumwa: Maoni Juu ya Hadithi za Ndugu Wapelelezi

Miongoni mwa hadithi ambazo watoto wa Kenya huzisoma kwa hiari yao, bila kushurutishwa na mwalimu wala mtihani, zile za ndugu wapelelezi zimeshika nafasi ya mbele kwa muda mrefu. Muundo wake wajulikana. Ndugu wawili, watatu au wanne waona jambo lisilo la kawaida: taa inayowaka usiku mahali pasipo watu, au mgeni anayetoa bei kubwa kwa kitu kikuukuu. Watu wazima hawasadiki. Watoto wafuatilia, waingia hatarini, wafumbua fumbo, na mwishowe polisi hufika kuwapongeza. Wahakiki wetu wamezoea kuzipita hadithi hizi kwa dharau, wakiziita burudani tupu au, kwa ukali zaidi, mabaki ya elimu ya kikoloni. Shutuma hiyo ya pili ina ukweli wake, lakini haielezi kwa nini mtoto wa Kisumu azisome mpaka jalada lichakae. Makala haya yanauliza swali jembamba zaidi: hadithi ya aina hii ingehitaji nini ili isimame kwa Kiswahili katika mahali kama Mamboleo, nje kidogo ya mji wa Kisumu, penye njia panda ya barabara ya Kakamega na ile iendayo Miwani?

Tuanze na kielelezo kinachojulikana kuliko vyote. Mwaka 1942 Enid Blyton alitoa Five on a Treasure Island, kitabu cha kwanza kati ya 21 vya wale watano (mbwa akihesabiwa). Cha mwisho kilitoka mwaka 1963. Julian, Dick na Anne ni ndugu wa tumbo moja. Wazazi wao wataka kwenda Scotland peke yao, kwa hiyo watoto wapelekwa pwani kwa ami yao Quentin, mtaalamu mkali ajifungiaye chumbani na kazi zake. Huko wamkuta binti yake, Georgina, asiyeitika ila kwa jina la George, mwenye mbwa, mashua na kisiwa. Dhoruba yainua merikebu iliyozama zamani. Ndani yake mna sanduku lenye ramani ya mahali dhahabu ilipofichwa. Ami analinyang'anya sanduku hilo na kuliuza bila kujua limebeba nini. Kila kitu katika mpango huu chategemea sharti moja, kwamba wazee wawe mbali na kuwa kwao mbali kusiwe na uchungu. Likizo na fedha ndizo zinazowaondoa. Fumbo lenyewe ni jepesi. Ustadi wa Blyton umo katika kuisafisha njia ili watoto wapite.

Sasa tuwahamishie ndugu hao Mamboleo. Hawatakwenda mbali kabla mtu mzima wa kwanza hajawauliza: ninyi watoto wa nani, mwatoka wapi, mama yenu ajua kwamba mko huku? Swali hilo litarudiwa na mwuza mboga, na fundi wa baiskeli, na mama atokaye kanisani, na kila mmoja wao ana haki ya kuwarudisha nyumbani. Wakifika ziwani, tuseme upande wa Dunga, mashua haiwangoji kwa mchezo. Mashua ni chombo cha kazi. Ina mwenyewe, ina wavuvi wake, na ikikosekana asubuhi nyumba kadhaa hazili. Hata ile taa ya usiku, ambayo katika vitabu vya Kiingereza ni alama ya wahalifu, hapa haina siri yoyote. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na usiku wa giza Ziwa zima huonekana kama mji. Mtoto wa Kisumu akisoma kwamba taa juu ya maji iliwashtua watoto wale, hucheka au hukubali kwamba kitabu hicho ni cha watu wengine. Dalili ya kweli ya mahali hapa ingekuwa kinyume chake: mashua itokayo usiku wa mbalamwezi, wakati wavuvi wa omena wamepumzika.

Kuna jambo zito zaidi katika kutokuwapo kwa wazazi. Tangu miaka ya 1980 ugonjwa wa ukimwi uliuathiri Mkoa wa Nyanza kuliko mikoa mingine ya Kenya, na kando ya Ziwa zimekuwapo nyumba ambazo mkubwa wa nyumba ni dada wa miaka 14 au 15 anayewalea wadogo zake. Mwandishi awaondoaye wazazi ili vituko vianze hana budi kukumbuka kwamba miongoni mwa wasomaji wake wamo ambao kazi hiyo ilikwisha kufanywa kabla hajashika kalamu. Sisemi kwamba asiandike. Nasema kwamba uhuru ambao Blyton aliupata kwa safari ya likizo hautapatikana hapa kwa bei hiyo.

Uhuru huo hupatikana wapi basi? Naona jibu limo katika kitendo kimoja kidogo ambacho fasihi yetu ya watoto imekitumia kwa kufundishia utii tu: kutumwa. Mtoto hutumwa dukani, kisimani, kwenye mashine ya kusaga, kwa jirani kurudisha sufuria, kwa fundi kuulizia kiatu. Aliyetumwa hupita kila mahali na hahojiwi. Akiulizwa, hujibu kwa neno moja, nimetumwa, na njia hufunguka. Watu wazima huendelea na mazungumzo yao mbele yake kana kwamba ni kiti. Anajua nani alikopa unga na nani alilipa kwa noti mpya. Huyu ndiye mpelelezi ambaye mazingira yetu yamekwisha kumtayarisha, na hatuhitaji kumnunulia mashua.

Ajabu ni kwamba hadithi bora ya Ulaya katika mkondo huu yasimama juu ya jambo hilo hilo. Katika Emil und die Detektive ya Erich Kästner, iliyotoka mwaka 1929, Emil ni mtoto wa mama msusi, mjane asiye na kitu. Atumwa Berlin na marki 140, nyingi zikiwa za bibi yake, naye azibana ndani ya koti kwa pini kwa kuogopa kuzipoteza. Aibiwa ndani ya gari moshi akiwa usingizini. Mwishowe kinachothibitisha wizi ni matundu ya pini ile katika noti. Hofu ya mtoto aliyekabidhiwa fedha za nyumbani ndiyo iliyozaa ushahidi. Pini isingekuwapo kama mama angekuwa tajiri. Emil hana ndugu wa tumbo moja, lakini kwa hali yake yu karibu zaidi na Mamboleo kuliko wale wanne wa Blyton.

Na hilo neno ndugu lahitaji kutazamwa, kwa kuwa hapa lugha yenyewe yaingia kati. Kiingereza humgawa ndugu kwa jinsia, na ugomvi wa watoto wa Blyton umejengwa juu ya mgawo huo: Julian, mwenye miaka 12, huamuru, Anne, mwenye miaka 10, hupanga vyombo, George hupigana asitendewe kama msichana. Kiswahili kina kaka na dada, lakini maneno yaliyo mazito nyumbani ni mkubwa wangu na mdogo wangu, ambayo hayasemi kama ni mvulana au msichana. Aidha mtoto wa ami au wa mama mdogo ni ndugu; binamu ni neno ambalo mara nyingi hutumiwa na anayetaka kuonyesha umbali. Kwa hiyo mvutano wa asili katika hadithi ya Kiswahili ungekuwa wa mzao: nani hujibu mbele ya wazee, nani hupigwa mdogo akiumia, nani hubeba nani. Waluo wana neno japidi kwa mtoto aleaye mtoto. Mwandishi atakayetupa mpelelezi wa miaka 11 mwenye mtoto mgongoni, amejibanza nyuma ya ghala huku yule mchanga akianza kukunja uso kutaka kulia, hatahitaji mbwa wala dhoruba.

Fasihi ya upelelezi ya Kiswahili, kwa upande wake, imemtumia ndugu kwa namna nyingine kabisa. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), iliyokuwa imeshinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, na akaendelea naye mpaka Kosa la Bwana Msa (1984). Katika riwaya hizo swali la nani ameua hugeuka mara kwa mara kuwa swali la nani ni mtoto wa nani, na nani mrithi wa haki. Udugu ndio siri inayochunguzwa; mchunguzi ni mtu mzima na kiko chake. Kwa Blyton udugu ndio mchunguzi, na siri iko nje, kwa wageni wabaya. Sidhani kwamba mtoto wa Kiswahili ataridhika na upande mmoja tu, maana siri anazokutana nazo nyingi zimo katika ukoo wake.

Pande hizi mbili hukutana mahali ambapo wahakiki wa hadithi za upelelezi hawajazoea kutazama, yaani katika ngano. Karibu kila jamii ya Afrika Mashariki ina hadithi ya msichana aliyekataa wachumba wote wa kwao akaolewa na mgeni mzuri. Mdogo wake, aghalabu mwenye upele au kilema, amfuata ingawa afukuzwa. Usiku dada alala, mdogo halali. Asikia noleo, aona mkia au meno, ajua kwamba shemeji ni zimwi, yule ambaye masimulizi ya Waluo humwita Apul-Apul. Zimwi lauliza kwa nini halali. Mtoto ajibu kwamba kwao halali mpaka apewe maji yaliyochotwa kwa kikapu, nalo lashinda mtoni usiku kucha likichota maji yasiyokaa. Tazama ufundi huu. Deko la mtoto, lile ambalo mchana lingemletea kofi, lageuzwa silaha. Shaka yapo, ushahidi upo, hila ipo, na kinachochunguzwa ni ndoa ya dada mwenyewe. Hii ni hadithi kamili ya ndugu mpelelezi, iliyosimuliwa kabla ya Blyton na Kästner kuzaliwa.

Kwa nini basi vitabu vyetu haviianzii hapo? Sababu moja ni soko. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili somo la lazima na la mtihani, na vitabu vya ziada vikaandikwa kwa wingi vikilenga idhini ya shule. Shule yataka mtoto mtiifu. Hadithi ya upelelezi yataka mtoto aliye sahihi pale ambapo mzee amekosea. Matokeo ni hadithi nyingi ambamo watoto wagundua jambo katika sura ya pili na mwalimu mkuu awahutubia kuanzia sura ya tano. Lugha nayo yachangia: Kiswahili kina mdaku, mpekuzi, mmbeya na kimbelembele kwa mtoto aulizaye, na mdadisi peke yake ndiye wa kumtetea. Hapa Kisumu, Asenath Bole Odaga (aliyefariki mwaka 2014) alionyesha njia kwa sehemu: tangu The Secret of the Monkey Rock (1966) aliwaandikia watoto kwa Kiingereza, akatoa ngano kwa Kidholuo, na akaanzisha nyumba ya uchapishaji katika mji huu huu. Yeye aliiona ngano na kitabu cha mtoto kuwa kazi moja.

Linabaki tatizo la mwisho wa hadithi. Blyton huwaleta polisi, na msomaji wake hutulia. Katika Kisumu polisi waliupiga umati risasi mwezi wa Oktoba 1969, siku ya kufunguliwa hospitali mpya. Mwezi wa Februari 1990 Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, aliuawa, na mwili wake ukapatikana karibu na Koru, mashariki ya mji. Tume ya uchunguzi ilivunjwa mwaka 1991 kabla haijamaliza kazi, wala hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Aliyeuona mwili kwanza alikuwa kijana mchunga mifugo, naye alinyamaza kwa hofu. Mwezi wa Agosti 2017 mtoto wa miezi 6 alikufa mjini humu baada ya kupigwa wakati wa msako wa polisi. Mwandishi hawezi kumwambia mtoto aliyekulia hapa kwamba ndugu wale walikimbia kituoni na mambo yakaisha.

Ngano haikumtegemea askari. Zamani watoto wa Kiluo walikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi, na hadithi zilisimuliwa humo. Ndugu wa Mamboleo wangeanza kwa kumpelekea bibi yale waliyoyaona, kwa kuwa ndiye mtu mzima asikilizaye baada ya giza. Na kama hakuna bibi, mdogo ana kazi moja tu iliyo mbele yake, ile ile ya zamani, kumzuia mkubwa asilale ili asikie mwenyewe.